Ugali Ulioingia Mzima

Jumamosi, alasiri. Mvua imenyesha upande wa ziwa na kutuachia joto la kunata. Nimefunga mlango ingawa niko peke yangu. Naandika.

Mnaonisoma hapa mnajua tu kwamba mimi ni karani wa gereza. Majina yote nimeyabadilisha. Siku ya wageni mimi huketi kwenye meza ya langoni kando ya askari anayepekua, kwa sababu mahabusu wetu, wale ambao kesi zao hazijaamuliwa, wanaruhusiwa kuletewa chakula cha nyumbani. Meza ile ina sheria moja: aliyeleta chakula akikate mwenyewe, na ale kidogo mbele yetu. Ugali haupiti mzima. Kila mtu anajua kwa nini.

Jumatano Afande Were, askari wa zamu, aliitwa ofisini. Akaniambia, "Karani, shika hapa kidogo. Na usilegee. Hawa kina mama wakikuita 'mwanangu' unayeyuka."

Mgeni aliyefuata alikuwa mama yake Achieng'.

Achieng' ni mchumba wangu. Tumeshapeleka ayie, zawadi ya kumwomba mama ridhaa, kwa hiyo kwa desturi yetu Wajaluo yule tayari ni mama mkwe wangu. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake akila. Hali naye, hamsogelei, hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Kaka yake Achieng' yuko mahabusu kwetu kwa kesi ya wizi wa pikipiki, na kila mama alipokuja kumwona nilikuwa natafuta kazi ya kufanya ofisi ya nyuma. Jumatano sikupata nafasi ya kukimbia.

Aliweka hotipoti ya ugali mezani, akageuza uso. Nami nikageuza wangu. Ningeweza kumwita askari mwingine. Ningeweza kusema, "Mama, tumngoje Afande." Nikasema, "Pita, Mama."

Were aliporudi aliuliza, "Ule ugali umekatwa?"

"Umekatwa."

Alhamisi asubuhi kulikuwa na msako. Simu ndogo, zile tunazoita kabambe, ilipatikana ndani ya blanketi la shemeji yangu, makombo ya ugali yamekaukia kwenye vitufe. Alipobanwa aseme imetoka wapi, hakumtaja mama yake. Nani angemtaja? Alisema aliletewa na Mzee Omolo.

Mzee Omolo ni mfungwa anayeaminiwa kubeba vyakula kutoka langoni hadi kwa mahabusu. Ni mtu wa Ahero, mkulima wa mpunga. Tabia njema imempunguzia kifungo na alikuwa karibu kutoka. Alishaanza kunisimulia atakavyolitengeneza shamba lake baada ya mafuriko. Hunitania kila asubuhi: "Karani, hiyo tai itakunyonga kabla serikali haijakufikia." Sasa amefungiwa chumba cha peke yake. Jumatatu atasimama mbele ya mkuu wa gereza, na akipatikana na hatia, muda wote aliopunguziwa utarudishwa.

Jana nilikutana naye akipelekwa kuoga. Nilidhani hatanitazama. Akasimama.

"Karani, si wewe ulikuwa pale mezani? Waambie mimi hupokea chakula kikiwa kimeshakatwa."

Askari akamsukuma atembee. Nikajifanya natafuta ufunguo mfukoni.

Ananitegemea mimi. Mimi ndiye shahidi wake.

Leo asubuhi nilimpigia Achieng'. Alilia kwanza, kisha akasema, "Kwa hivyo umfunge mamangu, halafu uje kwetu na ng'ombe?" Anasema mama alitaka tu kuisikia sauti ya mwanawe, maana kesi inaahirishwa kila mara. Namwamini. Lakini kazi hii imenifundisha kwamba simu ikiingia gerezani haikai kwa mtu mmoja. Hukodishwa, na huku nje kuna mashahidi wanaopigiwa na kutishwa. Mama hakulijua hilo. Mimi nililijua.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilifanya kwa heshima. Si kweli yote. Heshima iliishia pale niliposema "Pita, Mama." Ile "Umekatwa" ilikuwa woga. Naogopa kufukuzwa kazi. Naogopa zaidi kuvaa sare ya wale ninaowaandika majina.

Saa hii nimetoka kuongea na Were kwa simu.

"Afande, ule ugali wa Jumatano haukukatwa."

Nyuma yake kulikuwa na kelele za mpira kwenye televisheni. "Wa nani?"

"Wa mama mkwe wangu."

Akacheka, akidhani natania. Halafu akazima televisheni.

"Ai, wewe! Na mimi nilikuachia meza."

"Najua, Afande."

"Jumatatu utasema mwenyewe mbele ya mkubwa. Mimi sikusemei. Na ukule kwanza, usije ukatuangukia pale."

Nilimuuliza kama Mzee anaweza kutolewa leo. Akasema hapana, amri ni ya mkubwa, na mkubwa amesafiri tangu jana jioni.

Nimemwandikia Achieng' kumweleza nilichofanya. Ujumbe ameusoma.

Nilitarajia kwamba nikishasema nitapumua. Sijapumua. Alhamisi kutwa mkubwa alikuwa ofisini kwake, hatua chache kutoka kwenye meza yangu. Jana pia. Mara mbili nilimpelekea faili, mara mbili akaniuliza, "Kuna lingine?" nikajibu, "Hakuna, bwana mkubwa."

Kesho ni Jumapili. Mimi nitakuwa kanisani, nimeketi karibu na mlango, upepo ukinipiga. Mzee Omolo atakuwa bado katika chumba kile, siku nzima ambayo ningeweza kumwondolea.