Tumbusi Aliyechelewa Kurudi

Mume wangu wala si mchawi kama ulivyosikia, dada yangu mpenzi. Mifupa anayoomba shemeji yako buchani ni chakula cha tumbusi wenye ndevu anaowalinda mlimani.

Wiki iliyopita wafugaji walitega mzoga wenye sumu ili waue fisi, na tumbusi jike mmoja hakurudi kiotani; tukahofu ameula. Dume akabaki kulalia yai peke yake. Angetoka kutafuta chakula, lingepoa. Mume wangu hakugusa sahani.

"Bwana, mkeo bado nipo," nikamtania. Hakucheka.

Leo asubuhi tumemwona jike akitua, kifua chekundu kwa udongo aliojipaka.

"Kumbe alikwenda kujiremba kama wewe," mume wangu akaniambia, machozi yakimtoka. Dada, nampenda mpaka naona haya.

Mwezi huu hauishi kabla hatujabisha hodi kwako.

Mdogo wako, sasa mke wa mtu