Mbwana Amerudi kutoka Msumbiji

Mtoni, Temeke
22 Januari 1989

Kwako mdogo wangu Talha,

Kabla hujaniamkia, marahaba. Nataraji wewe na shemeji Mwanakombo hamjambo, na kifua chako kimeacha kukubana. Huku sie wazima, ila goti langu na mdomo wa shemeji yako Somoe havijapoa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wazee wenzangu hapa wakitaka barua wanatafuta mwalimu. Mie darasa la ngumbaru nilikuwa wa kwanza.

Utakuwa umesikia redioni kwamba askari wetu wametolewa Msumbiji. Kijiweni kwa muuza kahawa ndiyo habari hiyo hiyo. Gaspar, karani mstaafu anayetusomea gazeti, anasema fungu la jeshi linapanda kila mwaka, serikali imechoka, haiwezi kulisha askari kwa jirani wakati zahanati hazina hata klorokwini. Nikamuuliza, nyumba ya jirani inaungua, wewe unapiga hesabu ya maji? Nikamkumbusha kwamba vita vya Kagera nilitoa baiskeli yangu mpya, yenye kengele. Akasema baiskeli hiyo ameisikia mara nyingi kuliko adhana, na yeye ni Mkatoliki. Watu wakacheka. Zamani ningesusa kahawa. Sasa nimechoka, nikanywa nikaondoka.

Mwanao Mbwana ametoka hospitali, yuko hapa kwangu. Kwamba mguu wake wa kushoto ulikatwa kwa sababu ya bomu la ardhini, hilo unalijua. Usilolijua ni kwa nini hajibu barua zako. Anasema hana baba. Somoe kambembeleza wee, anageukia ukutani. Anasema kabla hawajaondoka, mkubwa wake alimwonea huruma kwa kuwa ni mtoto wa pekee, akamwambia baba yake akiandika kumwombea, atamwacha kambini. Alikuletea habari, akangoja barua, haikuja.

Talha, barua ilikuja. Ilifika kwenye sanduku langu la posta siku tisa kabla ya safari, ukaniomba niifikishe kambini. Lakini mie nilikuwa nimeshatamba kijiweni kwamba mtoto wetu anakwenda kuwakomboa majirani. Nikaona uso nitauweka wapi. Nikaitia kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Wewe nikakwambia nimeipeleka, wamekataa. Sikuipeleka popote. Mtoto wako nilimtoa mie, kwa ujirani ambao hata serikali imeshindwa kuubeba.

Jana baada ya Alasiri nikaiteremsha, nikampa. Akaisoma mara mbili. Somoe akaniambia baiskeli nimeitangaza miaka kumi, na hili nikalinyamazia. Nikamwomba Mbwana radhi. Akaikunja barua yako, akaitia mfuko wa shati, akamwomba Somoe amkatie tiketi ya basi la Kilwa.

Anafika Ijumaa. Mpokee stendi wewe mwenyewe. Anatembea kwa magongo na hapendi kushikwa, basi tembea pembeni yake tu.

Nisalimie Mwanakombo, na yeyote huko ambaye bado ananiulizia. Nawe ukikaa bila kunijibu, sitalalamika. Ni zamu yangu kungoja barua.

Ni mimi kaka yako,
Mwinshehe