Nilisahihisha Mstari Wangu Peke Yake

Mpendwa Yaya Asumani,

Barua hii naiandika nikijua kwamba wengi wataisoma kabla haijakufikia. Nimeinakili mara tatu kwa mkono. Nakala mbili nimewakabidhi wasukuma baiskeli wanaopeleka sabuni na chumvi Bafwasende, nao wameahidi kuulizia jina lako kwenye kila chimbo la dhahabu watakalopitia. Ya tatu iko redioni, ambako mtangazaji amekubali kuisoma baada ya matangazo ya vifo. Uniwie radhi kwamba mambo ya nyumba yetu yanasikika barabarani. Sina anwani yako. Tangu ulipoondoka mwaka jana, mama yako naye hana.

Nimekuita Yaya, yaani kaka, tangu nilipojua kusema, kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa miaka minne na kwa kuwa mama zetu walinyonya titi moja. Vita ndivyo vilivyotufanya tukae benchi moja chuoni: shule zilipofungwa wewe ulipoteza miaka, nami nikakufikia. Hukuona haya hata siku moja kusoma darasa moja na mdogo wako. Mimi, nakiri, niliona fahari.

Unaukumbuka ule ujia mwembamba wa nyumba ya mama yako, katika Tshopo, mojawapo ya komini za mji wetu, wakati majeshi mawili ya kigeni yalipokuwa yakipigania mji ambao haukuwa wao? Tulilala kifudifudi chini ya magodoro yaliyoloweshwa maji. Kila bomu lilipoanguka, wewe ulifunua daftari la takwimu.

“Mudogo, médiane ni nini?”

“Yaya, tunakufa, na weye unaniuliza médiane?”

“Kama tunakufa, tukufe na jibu yake.”

Mama yako alicheka mpaka akasahau kusoma dua aliyokuwa ameianza. Mtihani wa takwimu ulifanyika kwingine mjini, ambako mabomu hayakufika, huku sisi tukiwa chini ya magodoro yale. Tulioukosa tulikuwa saba. Utulivu uliporejea, tulipewa mtihani wa marudio, na alama zetu zikaandikwa katika safu yake ya pembeni. Ninakuandikia kwa sababu ya safu hiyo.

Rais wa juri, baraza la walimu linalopitisha matokeo, alikuwa ametangaza kwamba matokeo ya mwaka ule, kwa mara ya kwanza, yangetoka kwenye kompyuta. Tulipewa wiki tatu kuandika programu, wewe na mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua. Kompyuta ilikuwa moja, na umeme wa Tshopo ulitufikia kwa zamu, kama mgeni mwenye haraka. Siku zilipobaki mbili, ulisimama nyuma ya kiti changu na daftari lako lenye jalada la kijani.

“Tuchukue majina makumi mbili,” ulisema. “Tuhesabu na mukono, tulinganishe na ile machine inasema.”

“Yaya, machine inahesabu mbio kuliko siye bote.”

“Mbio, ndiyo. Lakini mbio ya kwenda wapi?”

Nilikucheka. Nilikuita mzee wa karatasi. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu aingie kwa rais wa juri na kumwambia kwamba kazi yangu inahitaji kuhakikiwa kwa kalamu. Nilikuwa msichana peke yangu katika darasa letu, na kila mtu alikuwa akingoja nikosee. Hiyo ni sababu, Yaya. Siileti kwako kama udhuru.

Siku ya kutoa orodha, katibu wa juri alisema ataingia mmoja tu, ili siri ya alama isivuje. Nilitangulia kunyanyua mkono. Wewe ulibaki uani. Katibu alinisomea alama, nami nikaziandika zote. Saa tano asubuhi, umeme ukiwa umebakiza saa moja, nilijaribu programu kwa jina nililolijua vizuri kuliko yote, yaani langu. Kwenye takwimu ikanipa sifuri.

Nataka uelewe nilichokifanya, kwa kuwa ndicho kitendo chenyewe. Sikufungua programu nione ni kwa nini. Nilijiambia kwamba ni kosa la kidole, kwamba nimeandika mahali pasipofaa. Nikachukua alama yangu ya marudio, nikaiandika pia katika safu ya mtihani wa kwanza, na mstari wangu ukawa sawa. Kujiuliza kungenichukua saa nzima. Rais wa juri alikuwa tayari mlangoni.

“Mademoiselle Ingénieur, liste iko wapi? Batu bamejaa mu kiwanja.”

“Iko tayari, Monsieur le Président.”

Nikaamuru printa ichape.

Kosa halikuwa la kidole. Programu niliyoiandika ilisoma safu ya mtihani wa kwanza peke yake. Ilipokuta pengo ilihesabu sifuri, na safu ya marudio haikuitazama kabisa. Watu saba tulikuwa na pengo lile. Mmoja alilijaza lake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaondoka.

Uani, majina yalisomwa kwa sauti. Mama yako alikuwa amekuja na kopo moja la poda kwa vichwa viwili, kama kila mzazi aliyesimama pale, tayari kumpaka mtoto wake weupe jina litakapotajwa. Langu lilitajwa, tena kwa distinction, daraja la juu. Tukangoja lako. Orodha ikaisha. Mama yako aliendelea kulishika kopo kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Ndipo ulipolichukua mkononi mwake, ukalifungua, ukanimwagia yote kichwani, mpaka nikakohoa.

“Ya siye babili,” ulisema. “Beba yote.”

Nilitembea mji mzima nikiwa mweupe, na watu wakanipigia makofi.

Kesho yake ulikuja kwangu. Muda wa kukata rufaa ulikuwa siku mbili, na juri ilikuwa imenikabidhi mimi kazi ya kuhakiki. Hukunilaumu. Uliuliza tu: “Mudogo, ile programu, uliiangaliaka muzuri? Takwimu nilijibu yote.” Mimi nililinganisha orodha iliyochapwa na orodha iliyokuwa kwenye kompyuta, nikaona zinafanana, kana kwamba kivuli kinaweza kutoa ushahidi juu ya mwenye kivuli. Nikakujibu kwa maneno ambayo nimeyasikia kila siku tangu hapo: “Yaya, machine haijui ndugu.”

Ukasema, “Bon, basi.” Wiki iliyofuata ulifunga marobota ya sabuni kwenye baiskeli, ukashika njia ya Bafwasende.

Mwezi huu nimepewa tena kazi ileile, sasa nikiwa msaidizi wa chuo, na muda ni mfupi kuliko wa mwaka jana. Nilikuwa nikitafuta karatasi zetu za zamani ili nisianze upya, nikalikuta daftari lako la kijani. Ukurasa wa mwisho una yale majina ishirini uliyotaka tuyahesabu. La kwanza ni langu. Lako halimo. Chini yake umeandika swali: “Mutu mwenye alikosa mtihani akarudilia, programu inasema nini?” Nilikaa nalo asubuhi nzima. Kisha nikaiwasha kompyuta, nikaiuliza swali lako, ikanijibu: sifuri.

Nilihesabu upya kwa kalamu, mtu kwa mtu, wote sita mlioachwa. Watatu waliokolewa na alama zao nyingine. Watatu mliangushwa. Wewe, Yaya, ulifaulu. Ulinizidi alama.

Nilimpelekea rais wa juri karatasi hizo. Alizisoma akiwa amesimama, akavua miwani.

“Hii liste ilisomwaka mbele ya batu. Unajua maana yake?”

“Najua, Monsieur le Président.”

“Na mustari yako? Mbona iko sawa?”

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia. Aliniomba ufunguo wa chumba cha kompyuta, nami nikautia mkononi mwake. Kama nitabaki msaidizi au la, sijui. Juri itaamua itakapokaa Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu. Siku hiyohiyo itarekebisha matokeo yenu, lakini kwa sharti kwamba kila mmoja afike mwenyewe na kadi yake ya mwanafunzi. Baada ya hapo faili za mwaka ule zitafungwa. Wenzako wawili nimekwisha kuwapata, mmoja Mangobo, mwingine kwao Basoko. Umebaki wewe.

Silali vizuri. Wanaotoka njia yako wanasimulia habari za mashimo yanayobomoka na za vizuizi vya askari, na kila ninapomwona msukuma baiskeli mwenye mabega kama yako moyo hunipasuka. Mama yako nimemweleza yote. Hakunitukana. Alinipikia pondu, majani ya muhogo, akaniwekea sahani, kisha akaenda kukaa chumba kingine. Afadhali angenitukana.

Hata kama hutaki kuniona, hata kama diploma haikusaidii kitu huko uliko, mtumie mama yako neno moja ajue kwamba u hai.

Na ukija, nitakuwa mlangoni pa juri tangu asubuhi. Sitakuambia kwamba kila kitu kiko tayari, kwa maana neno hilo nililitumia vibaya. Nitakupa kalamu, alama zako na daftari lako la kijani. Jina lako nimeliongeza kwenye ukurasa wa mwisho, la ishirini na moja, na mbele yake nimeacha nafasi tupu. Hesabu wewe. Mimi nitasimama nyuma ya kiti chako.

Ni mimi mdogo wako, uliyembebesha poda ya watu wawili.