Jicho la Pili la Sungura

Nyumbani, chumbani kwa mama
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyekuvusha salama. Hujambo? Mtoto ananyonya vizuri? Kidonda cha upasuaji kimepona, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Na shemeji, anakuacha ulale? Sisi huku tu wazima, isipokuwa nyumba imekuwa kubwa tangu mama atutoke. Mpaka leo asubuhi nateremsha vikombe viwili.

Habari ya kuzaliwa kwa binti yako ilinikuta nafua. Nilipiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni. Usijilaumu tena kwa kukosa mazishi. Mwenye mimba kubwa hasafirishwi, na mama alilijua hilo kabla yetu.

Sasa nije kwenye sungura wako. Unakumbuka mama hakuwa akimtia mdoli macho kabla mtoto hajazaliwa. Alisema mdoli asimtangulie mwenyewe kuiona dunia. Basi wako alimfuma mzima, masikio na mkia, akamjaza pamba mwilini, kichwa akakiacha wazi kwa nyuma. Macho mawili ya kahawia akayafunga kwenye kitambaa, akakichomeka humo kichwani yamngoje mwanao. Mama mwenyewe hakuwahi kuyatia.

Uliniomba kwenye simu nisiongeze hata uzi, abaki kazi ya mkono wa mama peke yake. Nikakuahidi. Niliona ni jambo dogo: jicho la plastiki lina mguu, unaupitisha kati ya nyuzi mpaka ndani, kisha unausukumia kisahani cha kuubana mpaka kilie "ta". Kikishalia hakirudi nyuma.

La kulia lilikaa. La kushoto nalo likalia, nikamshukuru Mungu, kumbe kisahani nimekigeuza. Nilipolivuta kwa meno, kama mama alivyokuwa akiyajaribu, maana ndivyo mtoto atakavyofanya, likacheza.

Jirani yetu fundi cherehani alimtazama akasema, "Dada, huyu sungura anakonyeza wanaume." Akanishauri nitie gundi nimalize, nani atajua huko mbali. Nilicheka naye, lakini moyo haukucheka. Gundi ikilegea kwa mate, jicho liko kooni. Nyumba hii imeshazika mwaka huu, inatosha.

Nilikaa na ahadi yangu siku kadhaa, naiombea. Kilichonijia ni kauli ya mama, ile aliyokuwa akitukemea nayo tukifanya kazi ya haraka: "Uzuri baadaye. Kwanza asimdhuru mtoto wa watu."

Fundi akaleta koleo, akanishikia tochi, nikaukata ule mguu kwa ndani bila kugusa uzi wa mama hata mmoja. Jicho likatoka vipande. La kahawia jingine halikuwapo. Nikashona jicho jipya kwa uzi mweusi wa kushikizia vifungo, nikirudia juu kwa juu mpaka likajaa, kisha nikaliuma kwa nguvu zangu zote. Halikusogea. La kulia nimeliuma pia, limeshika. Kichwa nimekifunga kwa ncha ya uzi aliyoiacha mama ikining'inia.

Kwa hiyo ahadi nimeivunja, mdogo wangu. Ukiona uchungu kwamba mkono wangu umeingia, niambie, sitanuna. Ila mpe mtoto kwanza.

Shangazi anakusalimu, anasema ule hata kama huna hamu. Mjomba mguu wake unaendelea vizuri, anataka picha ya mtoto akiwa macho, amechoka kuona kope. Fundi naye anamsalimu shemeji.

Mungu akulindie uzao wako, akujaze maziwa na subira.

Binti akikua akauliza kwa nini macho ya sungura hayafanani, mwambie moja alilichagua bibi, jingine alilishona mama mkubwa. Na yote mawili yalimngoja yeye afumbue yake kwanza.

Ni mimi nikupendaye bila kupungukiwa,
Dada yako