Niliwaflashi Watatu, Hakuna Aliyenipigia

Mpendwa Shangazi Wahu,

Naomba msaada wako kabla sijaamua vibaya, mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, nakaa mtaa wa Satellite hapa Nairobi na nafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja ya bima mjini, na tangu mwaka jana moyo wangu ni mzito tu, naamka nimechoka kama mtu aliyefua mablanketi usiku kucha, chakula hakina ladha, watu wakicheka ofisini naona wananicheka mimi, na nilipomweleza mwenye nyumba wetu, Mama Muchiri, alisema, "Hiyo dipresheni ni ugonjwa ya matajiri wa Kitisuru, wewe na hii chumba moja umeitoa wapi?", lakini daktari akanituma kwa mshauri mmoja huko Kilimani, Bi Munyiva, ambaye badala ya kuniombea alianza kunihoji kama wakili, nikisema hakuna anayenijali ananiuliza, "Ushahidi uko wapi?", mwanzoni niliona ni maringo lakini nisiseme uongo, usingizi ulirudi na hata kwaya ya kanisa nikairudia.

Sasa juzi akanipa kazi ya nyumbani, ati hilo wazo la kutojaliwa nisilibishie wala nisiliamini, nilipime tu, nitafute watu watatu ninaowapenda niongee nao nione itakuwaje, basi Jumamosi mchana nikakaa kitandani nikamflashi kaka yangu Zedekiah, nikamflashi Debra tuliyesoma naye, nikamflashi mama nyumbani Vihiga, kila mmoja simu ilie mara moja nikate, nikangoja mpaka giza likaingia na hakuna hata mmoja aliyenipigia, nililia sana Shangazi, kwa hivyo ushahidi si ndio huo, nimeamua Alhamisi sirudi Kilimani na kwaya nimeshawaambia wanitoe, au wewe unaonaje?

Philister, Satellite

Philister,

Pole, na ninaisema kwa moyo. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Bi Munyiva alikwambia uongee na watu watatu. Wewe umeongea na nani? Umebonyeza simu, ukakata, ukajifunika blanketi kungoja hukumu. Hakimu ni wewe, kiongozi wa mashtaka ni wewe, mashahidi hawakuitwa, na kufikia magharibi kesi imekwisha: dunia nzima haikupendi. Laiti mahakama zetu zingekuwa na kasi kama yako.

Hebu niambie, wewe ukiflashiwa Jumamosi unafanyaje? Usinidanganye. Unasema, "Huyu naye anataka nini?" na unaendelea kusonga ugali. Nairobi hii flashi ni ya kusema nimefika, nifungulie geti, au nipigie sina kredo ya simu. Hakuna flashi ya kusema nimevunjika moyo. Labda Zedekiah alidhani umefika mazoezi ya kwaya. Labda Debra naye hana kredo. Labda mama yako alikuwa shambani na simu iko kabatini. Mimi sijui, na wewe pia hujui, na hicho ndicho Bi Munyiva anachojaribu kukufundisha kwa subira ambayo mimi sina.

Na Mama Muchiri mshukuru kwa utafiti wake. Ugonjwa huu haujawahi kumuuliza mtu analipa kodi ngapi.

Leo nunua kadi ya kredo, hata ile ndogo kabisa. Mpigie mama yako, ngoja ashike, na usimwambie "nilikuwa nakusalimia tu" kama ilivyo desturi yetu sote. Mwambie, "Mama, siko sawa." Asiposhika, piga tena kesho. Alhamisi nenda Kilimani umweleze Bi Munyiva habari za flashi zako. Atacheka, na ninakuomba ucheke naye. Kwaya waambie ulikosea, warudishe jina lako. Na ukianza kuwaza kufa, usimngoje Bi Munyiva, wala mimi: mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tena kuna jambo umelisahau. Mimi hukuniflashi. Ulikaa ukaandika mpaka mwisho, ukanunua stempu, ukapanga foleni posta, yote kwa mwanamke usiyemjua. Nami nimekujibu. Alhamisi beba gazeti hili, na Bi Munyiva akiuliza ushahidi uko wapi, mpe asome.

Shangazi Wahu