Wachukuzi wa Mafuta

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Huku Kariakoo tu wazima. Tangu arobaini ya babu yako ipite, mama yako amefungua tena duka, ila kiti cha babu hatujakiondoa mlangoni.

Umeniandikia kutoka masomoni kwamba ubongo nao unahitaji mafuta, na zipo protini zinazoyabeba hadi kwenye chembe zake. Zikishindwa kazi, mtu huweza kuanza kusahau. Kisha ukauliza kama babu alinitambua mwishoni.

Ujanani alisukuma mkokoteni wa madebe ya mafuta hapa sokoni, akipaza sauti, "Pisha mafuta!" Siku moja sikupisha.

"Dada, gauni likichafuka utanitukana mimi!"

"Basi zunguka."

Akazunguka na mzigo wake wote, wenzake wakimcheka.

Jina langu lilimtoka mwaka jana. Aliniita mama, akaniita nesi. Lakini siku yake ya mwisho kutembea, nilipokuwa nampeleka kuoga, alinyoosha mkono mbele yangu akaiambia sebule tupu, "Mpisheni, gauni lake lisichafuke."

Katika hao wachukuzi wako wa ubongoni, ukimwona aliyebeba kumbukumbu hiyo hadi mwisho, unisalimie.

Bibi yako