Mpira wa katoni wa Pélagie

Mama Ushindi, nimerudi sasa hivi kutoka semina ya afya Mbarara.

Pélagie wa darasa letu alikwenda na vipande vya katoni vinavyofanana. Alivipachika bila gundi wala uzi vikawa mpira, ili aonyeshe jinsi protini zinavyojenga ganda la kirusi.

Mwalimu wa semina akamcheka: "Mama, hiyo kirusi ulishona na cherehani?"

"Hakuna mwenye anashona, mwalimu. Bipande byenyewe binashikana, sababu ya umbo yabyo."

"Wapelekee watoto wacheze!"

Kisha daktari mgeni akaingia. Mwalimu yuleyule, Mama Ushindi, yuleyule, akaunyanyua ule mpira na kurudia maneno ya Pélagie yote! Daktari akauliza nani ameutengeneza.

"Mimi. Pélagie, ongeza chai."

Akaongeza.

Sote tulinyamaza, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyekuwa akichagua mhamasishaji mmoja wa afya wa kambi yetu ya Nakivale.

Amenichagua mimi.

Garini Pélagie alikaa kando yangu. "Chantal, utabafundisha batu na nini? Mpira, mwalimu amebaki nayo. Kuya kwangu kesho, nikukatie bipande bingine."